Mama Mkwe Mgongoni

Gesima, 9 Mei 1968

Mume wangu Nyasani,

Sisi ni wazima, na mtoto ameota meno mawili. Jumapili padre wetu Mbelgiji alituonyesha sinema ya kuchekesha ya kwao. Mwanamume alimbeba mama mkwe wake mgongoni kuvuka tope! Wewe unajua kwetu mama mkwe hata mkono hapewi na mkwewe. Wazee wakafunika macho, padre akacheka peke yake.

Mama yangu alichungulia kati ya vidole, kisha akacheka mpaka machozi. Njiani akaniambia, "Mwandikie mumeo. Aliteleza akanishika bega, na sasa ni miezi minane anajificha Kericho kwa aibu. Kumbe wenzake wanabeba!"

Basi rudi nyumbani. Ila usimbebe.

Mkeo, Kwamboka