Still, Yet na Bado Yangu

Jumanne, 14 Oktoba. Mvua nyepesi tangu alfajiri, Kabondo yote matope.

Nina hasira, na hasira yenyewe ni ya neno moja.

Asubuhi mapema simu ililia. Alikuwa Madame Abena, Mghana anayeongoza mradi wa mihogo kule Yangambi. Kiswahili hajui, na Kifaransa chake ni cha salamu tu. Mwezi uliopita nilimwomba kazi ya kutafsiri kati yake na wakulima. Leo aliniuliza kwa Kiingereza kama nimeshapata kazi kwingine. Kichwani nikasema "bado". Mdomoni ikatoka: "Still."

Akanitakia heri huko ninakofanya kazi, akakata.

Sifanyi kazi popote.

Nikakaa kuyapanga maneno haya mawili, kama tulivyofundishwa shuleni. "Still" ni la jambo linaloendelea, na hukaa kabla ya kitenzi: "I still live in Kabondo", ningali naishi Kabondo. "Yet" ni la jambo linalosubiriwa. Hutanguliwa na "not", nalo hukaa mwisho: "I have not eaten yet", sijala bado. Kwa hiyo nilipaswa kujibu "Not yet". Nilichosema ni kwamba kazi ninayo na naendelea nayo.

Ingeishia hapo ningetulia. Lakini kamusi inasema "I still have not eaten" nayo ni sahihi, hasa ukiwa umechoka kusubiri. Basi "still" huingia hata kwenye kukanusha! Nani alipanga mambo haya? Kifaransa angalau kina "encore" na "pas encore", neno ni lilelile.

Tonton Faustin, mdogo wa papa, aliingia kula akanikuta nimenuna. Nikamweleza. Akacheka hadi fufu, ugali wake wa mihogo, ikamkwama.

"Bado iko bado, quoi! Sasa Kingereza iko na bado ngapi?"

"Mbili, tonton."

"Bon! Na wewe ukachagua ile yenye inafukuza kazi!"

Sikucheka. Miaka yote ile ya sekondari, Kiingereza kila juma, halafu naangushwa na jibu la neno moja.

Alipoondoka nikamwandikia Madame ujumbe: "I have not found a job yet." Nikausoma na kuusoma tena, nikalihamisha "yet", nikalirudisha mwisho. Ndipo nikautuma.

Jioni akajibu kwa upole. Alidhani nina kazi, kwa hiyo nafasi amempa mtu mwingine. Amempa adhuhuri.

Adhuhuri! Asubuhi nzima simu ilikuwa hapa mkononi, na mimi napanga sarufi. Ningempigia palepale, hata kwa Kiingereza kibovu, angenielewa.

Niliogopa kukosea mara ya pili.

Saa saba usiku. Sasa nalala.