Watu Wote Wako Basoko

Mama Philomène mpendwa,

Kabla hata sijakusalimu, naomba niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu, hata padri kwenye maungamo: binamu yangu Élise hayuko Basoko, au labda yuko, sijui, hakuna anayejua, na aliyewafanya watu waamini kwamba yuko huko ni mimi, bila kukusudia. Naomba msaada wako haraka, kwa sababu Jumamosi asubuhi mjomba wangu, tonton Faustin, baba yake Élise, anapanda boti kwenda kumchukua.

Sasa nakusalimu. Jina langu ni Kanyere, ninakaa hapa mjini, mtaa wa Mangobo, nimemaliza sekondari mwaka huu. Mimi ni mtu wa haya, mtu akiniuliza njia tu barabarani sauti inanipotea, ndiyo maana ninaliandikia gazeti lako badala ya kuja kwako.

Ili unielewe lazima nikuambie kwanza habari za Basoko. Baba yangu ni mfanyabiashara kutoka Butembo lakini mama ni mtu wa Basoko, na kabla ya vita kila likizo kubwa tulikuwa tunateremka mto, mama na mimi na tonton Faustin ambaye ni kaka yake, pamoja na binti yake Élise, tukipita Isangi ambako wanawake walikuwa wanasogeza mitumbwi hadi ubavuni mwa boti kutuuzia samaki wa moshi na chikwange ya muhogo, na mimi na Élise tulikuwa tunalala juu ya magunia ya chumvi tukishindana nani ataona kwanza mahali ambapo mto Aruwimi unaingia katika mto mkubwa, na kila mwaka yeye ndiye aliyeshinda kwa sababu alikuwa anapiga kelele kwamba ameona wakati hajaona kitu. Kwa koko, bibi yetu, tulikuwa tunaoga mtoni mpaka vidole vinakunjamana, na jioni koko anafungua liboke ya samaki, majani yanatoa moshi, anaita, "Élise wa mudomo mukubwa, kuya ule wa kwanza!" na mimi ninakaa nyuma ya Élise nikingoja zamu yangu, kwa sababu nyuma ya Élise hakuna mtu aliyeniangalia na nilikuwa na raha yangu. Mama Philomène, sikujua kwamba raha ile ilikuwa na mwisho. Vita vikaja, mto ukafungwa, koko akafariki na habari zikatufikia msimu mwingine kabisa, na mwaka ule mabomu yalipoanguka hapa mjini tukakimbia kila mtu upande wake, Élise akaonekana mara ya mwisho kwenye barabara ya Bengamisa pamoja na watu wa soko, na tangu siku ile hatujasikia neno, hata baada ya mto kufunguliwa tena.

Nilipokuwa darasa la mwisho nilianza kwenda kwenye chumba cha kompyuta cha parokia, ambako papa Alphonse anafundisha vijana kutengeneza kurasa za intaneti. Nilikipenda chumba kile kuliko nyumba yetu. Mchana tulikuwa tunangoja jenereta iwashwe, tumekaa sakafuni gizani, wavulana wanataniana, kisha inanguruma nje na vioo vyote vinaamka kwa pamoja na sisi tunapiga makofi kama watoto, ingawa tulifanya hivyo kila siku. Ukurasa wetu mkubwa ni wa watu wanaotafuta ndugu. Kuna vyumba kama chetu Butembo, Goma, Kindu na kwingine, mtu aliyepotezana na wake anakuja, anaandika jina lake, jina la anayemtafuta na mji anaokaa sasa, anabonyeza kitufe cha Tuma, na Jumapili baada ya misa papa Alphonse anabandika majina mapya kwenye ukuta wa ukumbi.

Zamani mji waliuandika wenyewe, mmoja Butembo, mwingine Butebo, mwingine "kwa masista," ikawa shida kupanga. Papa Alphonse akasema tuweke orodha ya miji, mtu achague tu, na kazi hiyo ataifanya Kanyere. Clovis, ambaye ndiye fundi kati ya wavulana, akacheka.

"Kanyere? Ye anaogopa hata muuza mikate! Ataongea na serveur namna gani?"

"Bon," papa Alphonse akamjibu, "serveur haina macho, haitamuangalia. Na weye Clovis, serveur ilikuchoka tangu juzi."

Chumba kizima kikacheka, hata Clovis mwenyewe, hata mimi, na nadhani ile ndiyo ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote tangu vita vianze. Nikaipanga miji, na juu ya yote nikaiweka Basoko, si kwa sababu yoyote ila kila nilipofungua ukurasa nilitaka kuiona ya kwanza.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Ukurasa wa aina hii, ukibonyeza kitufe, unarudi mzima kwa serveur, ile kompyuta kubwa inayotunza kurasa zetu, na kusomwa upya kutoka mstari wa kwanza, na baada ya hapo tu ndipo serveur inaangalia ni kitufe gani kilichobonyezwa na kukifanyia kazi yake. Mimi pale mwanzoni niliandika "jaza orodha ya miji" na nikasahau kutanguliza swali moja dogo: je, ukurasa huu unafunguliwa mara ya kwanza, au unarudi kwa sababu mtu amebonyeza? Kwa kuwa haukuulizwa, kila uliporudi ulijaza orodha upya, ukasahau mji ambao mtu alikuwa amechagua, ukasimama kwenye mji wa juu, ndipo kitufe kikaja na kuhifadhi mji huo wa juu. Jina linabaki kama mtu alivyoandika, anayetafutwa anabaki, mji tu ndio unaopotea. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mtu akiona orodha imerudi Basoko anadhani ukurasa umejisafisha kwa ajili ya anayefuata.

Jumapili iliyopita papa Alphonse alibandika majina, kila mtu akatafuta la kwake bila kusoma ya wenzake, na katikati yake: Élise, anamtafuta baba yake Faustin, Mangobo, yuko Basoko. Tonton alisoma kwa kidole, akasoma tena, akaketi chini pale pale ukumbini. "Mutoto wangu iko muzima! Iko Basoko! Alirudia ku mto, damu ya mama wa miye ilimuita!" Tulilia wote, na mimi sikuwa najua bado, nililia kwa furaha ya kweli, kichwani mwangu nilimwona Élise amekaa mbele ya nyumba ya koko.

Jumatatu nilibaki peke yangu chumbani, nikajaribu ukurasa kwa jina la uongo, nikachagua Isangi, nikabonyeza, nikaangalia kilichohifadhiwa: Basoko. Nikachagua Kindu: Basoko. Nikafungua majina yote tangu orodha yangu iwekwe, na watu wote wako Basoko, wa Goma, wa Butembo, nchi nzima imehamia kwa koko wangu. Niliongeza lile swali dogo na sasa ukurasa unashika mji sawasawa, lakini ya nyuma siwezi kuyarudisha. Ni papa Alphonse peke yake, mwenye ufunguo wa serveur, anayeweza kuangalia kila jina lilitoka chumba gani, na yeye siku hizi anahangaika na antena, hajashuku kitu.

Jioni ile ile tonton alikuja nyumbani na kikwembe kipya cha manjano. Akaniambia, "Kanyere, weye na ye mulikuwa urefu moja. Simama hapa nipime." Nikasimama. Akanizungushia kitambaa mabegani, akawa anaongea na fundi wa kushona aliyekuja naye kana kwamba ni Élise anayevalishwa, na alikuwa anaimba, Mama Philomène, mtu ambaye tangu mwaka wa mabomu hatujamsikia akiimba.

Sasa sijui nifanye nini. Nikimwambia papa Alphonse, atajuta kuniamini, na ndiye aliyeahidi kunipa kazi ya kufundisha wasichana mwezi ujao, na Clovis atapata la kusema mpaka nizeeke. Nikimwambia tonton, nitamuua. Wakati mwingine ninafikiri nimwache tu aende, aone mto tena, aone nyumba ya mamaye, na labda kwa bahati Élise yuko huko kweli, kwani haiwezekani? Usiku ninaiona Basoko ile ya zamani, na tonton anateremka kwenye boti, na Élise anapiga kelele kutoka ukingoni kabla hajatuona.

Nishauri, mama. Na nakuomba, wewe na yeyote atakayeisoma barua hii, siri hii ibaki hapa.

Wako,
Kanyere


Mwanangu,

Kanyere si jina lako, nimekupa mimi, na majina mengine yote nimeyabadilisha pia. Mji sikuweza kuubadilisha. Hilo utanisamehe.

Barua yako imenirudisha mbali. Mimi pia nimelala juu ya magunia ya chumvi. Nimenunua samaki Isangi nikiwa nimeinama nje ya boti, marehemu mume wangu amenishika kwa kitambaa cha kiunoni nisianguke, muuzaji ananicheka, "Mama, samaki hawa au wale walio ndani ya maji?" Miaka yote hii mto ulipofungwa nimekuwa nikiusafiri usiku kitandani, kituo kwa kituo, kama wewe. Kwa hiyo usidhani ninayekugombeza hajui unachokililia.

Lakini nitakugombeza.

Mambo ya kompyuta nimeyaelewa nusu, na nusu hiyo inanitosha. Ulisahau swali moja, ukaligundua mwenyewe, ukalisahihisha mwenyewe. Hilo ni kosa la kazi. Fundi wa kushona anakata mkono mmoja mfupi, mpishi anatia chumvi mara mbili, na kesho yake wanarudi kazini. Kama papa Alphonse ni mtu kama ulivyomweleza, atakasirika asubuhi moja, kisha atakuuliza umelionaje kosa ambalo yeye hakuliona. Kama atakunyima kazi, basi atakunyima. Utalia na utaishi. Na Clovis acha aseme. Wavulana wa namna hiyo hawakosi la kusema hata ukifanya vizuri.

Linaloniudhi ni kikwembe. Jumatatu jioni ulikuwa unajua. Ulisimama, ukamwacha mzee apime kitambaa kwenye mabega yako, ukanyamaza. Haya yako ninaiheshimu, binti yangu, lakini pale haikuwa haya tena. Pale ulikuwa unamdanganya mtu anayekupenda.

Na jambo la pili. Umeniandikia kurasa nyingi juu ya tonton mmoja. Ukuta ule umesomwa na parokia nzima! Kuna mama mwingine mahali fulani mtaa wa Kabondo anayefunga mizigo yake kwa ajili ya boti hiyo hiyo. Kuna mwingine aliyeacha kungoja habari kutoka Kindu kwa sababu ukuta umemwambia aangalie upande mwingine. Hao huwafahamu, ndiyo maana hukuwalilia. Anza kuwafikiria leo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hofu imekufanya usisome barua yako mwenyewe. Wewe umesema kwamba jina linabaki, na anayetafutwa anabaki, mji tu ndio unaopotea. Basi Élise yuko hai! Amekaa mbele ya kompyuta mahali fulani, ameandika jina lake na la baba yake, akabonyeza. Hilo ni kweli, hukulitunga wewe na hutalifuta ukisema ukweli. Unaogopa kwenda kumpokonya tonton wako mtoto. Hapana. Unakwenda kumzuia asimtafute mahali ambapo huenda hayupo, wakati binti yake anamngoja kwenye mji mwingine, akijiuliza kwa nini baba haji.

Barua yako ilinifikia Jumanne, gazeti linatoka leo Ijumaa, boti inaondoka kesho. Una jioni moja. Nenda kwa tonton kwanza, kwa sababu papa Alphonse hana boti ya kupanda. Usianze na machozi, na usianze na kitufe, hataelewa. Mwambie hivi: "Tonton, usipande kesho. Élise yuko hai na anakutafuta, lakini mji ulioandikwa si alioutaja yeye, mimi ndiye niliyekosea." Mwache akasirike. Mwache aketi chini tena kama anataka. Usikimbie. Akishanyamaza, mshike mkono mwende wote wawili kwa papa Alphonse, hata kama amelala, na mbele ya tonton mwambie papa Alphonse yote uliyoniambia, naye afungue serveur yake aangalie kila jina lilitoka chumba gani. Ukiwa na mtu mzima aliyepotelewa na mtoto ubavuni, haya yako haitapata nafasi ya kukusumbua. Kisha mtoe karatasi ile ukutani, na uandike nyingine kwa mwandiko wako: miji yote ya wiki hizi si sahihi, mtu asisafiri mpaka itakapobandikwa upya. Hapo chini weka jina lako, lile la kweli.

Umeniomba nitunze siri. Nitaitunza usiku huu mzima, ili uitoe wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Lakini kesho kabla ya jua nitakuwa bandarini, na nitamsimamisha kila mtu mwenye zawadi mkononi nimuulize anakwenda kumchukua nani, na nani amemwambia kwamba yuko Basoko. Wote nitawarudisha. Nikimkuta mzee mwenye gauni jipya la manjano, nitampa barua yako asome.

Mama Philomène