Jua Nyuma ya Boti

Ludington, 24 Agosti

Wifi yangu Bernadine,

Matango yako ya siki yamefika salama, na kaka yako Leland ameshamaliza nusu. Huku samoni wamenona. Jumatatu wageni waliokodi boti walivua kumi na mmoja, na samaki mmoja wa trauti nusura anivute majini pamoja na wavu.

Sasa nikwambie la Jumanne, na usimpigie Leland simu. Wageni walipochoka, nilivuta ndoano zote ndani, yeye akageuza boti. Saa tatu asubuhi, ukirudi kwetu, ng'ambo ya mashariki ya ziwa, jua linakupiga usoni. Nikaliona liko nyuma yetu.

Mgeni mmoja akasema, "Kapteni, unatuvusha ziwa tukale jibini la Wisconsin?"

Leland akajibu kwa upole, "Nawapeleka nyumbani. Baba yuko gatini anatungoja."

Wakaangua kicheko. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikasema, "Huyu mzee ana mizaha!" Kisha nikashika usukani. Hakubisha. Miaka thelathini na minane namsaidia kwenye boti ile, hajawahi kuniachia usukani.

Ufunguo wa boti nimeuficha kwenye kopo la unga. Lakini unamjua, atautafuta mpaka aupate.

Siku ukiona boti yetu inaingia bandari yenu ya Kewaunee, huko Wisconsin alikokulia, shuka gatini umpokee kamba ya kufungia boti. Usimkumbushe kwamba baba yenu tulishamzika. Mwambie tu amechelewa chakula, umkalishe mezani, ndipo unipigie.

Wako,
Marlys