Aibu Haiko Mlangoni

Mpendwa Mama Furaha,

Daktari ameacha kuniambia nirudi lini. Ananishika bega na kuniaga kwa upole. Kwa hiyo nakuandikia waziwazi, na atakayetaka kusoma asome.

Unaikumbuka ile filamu ya mashaka, isiyo na rangi, tuliyoionyesha katika ukumbi wa parokia? Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, na Jumamosi mchana niliongoza mjadala wa filamu. Mume, ofisa mwenye nishani kifuani, anaishi na mkewe katika nyumba ya upweke nje ya mji. Mtu anayemtafuta anabisha hodi. Mume anajifungia kabatini. Mke ndiye anakwenda kufungua, mikono imejaa unga. Lakini kamera haimfuati. Inabaki kabatini na mume, na sisi tunaisikia tu sauti ya mwanamke.

Ukumbi ulichachamaa. "Muoga! Mumupatie kikwembe ya bibi yake avae!" wanafunzi walipiga kelele. Nikasimama mbele yao na kueleza kwa Kifaransa changu kizuri kwamba mtengeneza filamu alikosea mara mbili: alimdhalilisha mwanaume, tena alitunyima kuona jambo kubwa lililokuwa likitokea mlangoni. Wewe ulikuwa umekaa nyuma, binti yetu Furaha akiwa mchanga, amelala mgongoni mwako. Ulisema bila kusimama:

"Papa Furaha, ule mutu alitengeneza filme anajua kazi yake. Aibu haiko ku mulango. Iko mu kabati, na sisi wote tuko ndani."

Wanafunzi walicheka. Nami nilicheka, kwa sauti kubwa kuliko wao, kisha nikaendelea na maelezo yangu.

Vita ilipoingia Bukavu mara ya kwanza, Furaha alikuwa kwa shangazi yake Bunyakiri. Nyumbani Kadutu tulikuwa wawili tu. Ulikuwa uani mchana, unasafisha sambaza, vile visamaki vya ziwani, tuliposikia askari wakipanda ngazi za udongo. Siku zile wanaume waliuawa mbele ya milango yao, na kujificha hakukuwa dhambi. Nasema hilo kwa haki, si kwa kujitetea. Lakini hukuniambia nijifiche. Nilikuwa nimeshapanda darini, juu ya plafond, kabla hujanawa mikono.

Nilikuwa nimelala juu ya mbao, nikibana pua nisipige chafya kwa vumbi. Sikuona kitu. Nilisikia.

"Bwana yako iko wapi?"

"Alienda Shabunda."

"Na mwenye nyumba ni nani?"

"Mwenye nyumba njo mimi."

Halafu ukaja mlio mfupi, kama kuni inapovunjwa gotini. Hukupiga kelele. Leo najua kwamba ulinyamaza ili mimi juu nisishituke, ubao usilie. Godoro liliburutwa, redio ikaenda, miguu ikashuka. Niliposhuka ulikuwa umekaa sakafuni, bega limening'inia, mikono bado inanuka sambaza. Ukaniambia, "Ujipanguse, uko na buibui ku kichwa."

Jirani ndiye aliyeanza. Alikuja kutupa pole, akasema, "Muzee, kumbe wewe njo ulisimama nao ku mulango?" Nilipaswa kusema hapana. Nikakohoa tu, na kikohozi hicho kikawa ndiyo. Jioni ile tayari nilikuwa na maneno niliyodai kuwaambia askari. Kufikia mwisho wa wiki, katika hadithi yangu, nilikuwa nimewatazama machoni. Na bega lako? Nilisema uliteleza kwenye matope ukikimbia. Mimi, mwalimu, nilikupa wewe uoga wangu, nikachukua mlango wako.

Nawe ulikuwa unapita na chai kwa mkono mmoja. Wageni wakikuuliza, ulijibu, "Ndiyo, nilianguka." Siku moja nilikuuliza kwa nini. Ukanijibu kama mama yako angejibu: "Bwana akianguka mbele ya watu, nyumba njo inaanguka." Niliushukuru usemi huo wa wazee kwa sababu ulinifaa. Sikuuliza nani alikuwa ameibeba nyumba yenyewe, kwa bega gani.

Ulikwenda kaburini ukiwa mwanamke aliyeteleza. Ningeweza kukufuata hivyo hivyo, nikiwa mwanaume wa mlangoni, kama si binti yetu. Vita iliporudi mjini, Déo, mume wake, alijificha chini ya kitanda, naye Furaha akabaki sebuleni peke yake. Hawakuguswa. Lakini tangu hapo Furaha amerudi kwangu na sanduku lake. Déo anakuja kila Jumapili, anabisha, na binti yako anamjibu kupitia mlango uliofungwa: "Papa yangu alifungua mulango! Wewe uko mwanaume wa namna gani?"

Nimekaa kitini nikisikia hayo, Mama Furaha, Jumapili baada ya Jumapili. Uongo wangu umekuwa kipimo anachompimia mume wake.

Leo asubuhi, Jumapili tena, nilimwambia Furaha ukweli. Nilianza kwa Kifaransa, maneno yakanikimbia, nikamalizia kwa Kiswahili cha nyumbani. Alitazama juu, kwenye plafond. Kisha akauliza:

"Na maman alikuwa anakusikia ukisema vile?"

"Alikuwa anatuletea chai."

Akalia. Nilitaka kumshika, nikaona sina haki. Alikuwa bado analia hodi ilipopigwa. Alinyanyuka nusu, kwa hasira au kwa kitu kingine, sikujua.

"Ukae," nikamwambia. "Nitafungua mie."

Kutoka kitini hadi mlangoni si mbali, lakini nilipumzika mara mbili, nikishika ukuta. Nilifungua. Déo alikuwa amesimama na kofia mkononi, akitegemea kuzungumza na mbao za mlango. Nikamwambia, "Ingia, mwana wangu. Humu ndani hakuna mwanaume wa kukucheka." Sasa wako uani wanaongea, nasikia sauti tu, tena ya chini. Safari hii sijajificha. Miguu ndiyo imechoka.

Nitakuja karibuni. Nikibisha huko uliko, usifungue haraka. Niache nisimame kidogo mlangoni, nijue kunakuwaje.

Mume wako,
yule wa kwenye plafond