Dawa Nisiyoionja

Ukunda,
9 Novemba 1998

Kwa mdogo wangu Kombe, Vanga,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaiandika. U hali gani, na watoto, na lile goti? Mimi ni mzima, meno yote yapo, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwomba karani.

Kwanza tulia. Binti yako Mapenzi, tangu alipoanguka kazini hotelini, alikuwa hospitali ya Msambweni. Juzi ametoka. Anakula, na ulimi wake mkali kama wa mama yake.

Najua umesikia polisi walinikamata. Kweli, na wameniachilia. Walichukua unga wangu wa kuondoa uchovu, ule unaosifiwa kutoka Diani mpaka Lunga Lunga, ndio aliokunywa Mapenzi kabla ya kuanguka, wakaupeleka Nairobi kwa mkemia wa serikali. Jibu likaja kwamba ndani mna kidonge kipya cha kulevya, cha kutengenezwa na watu, ila jina lake halimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa na sheria. Inspekta akaniambia niende zangu. Nikamwambia anirudishie na kibuyu changu.

Daktari Rispah, aliyemtibu Mapenzi, alikasirika. Alisema vidonge hivi vinazuka kila uchao. Ziko nchi zinazokataza kila kimoja kwa jina lake, basi anayevipika akibadili kiungo kimoja tu, sheria imebaki nyuma inahema. Nyingine hukataza ukoo mzima wa vidonge, vilivyozaliwa na vitakavyozaliwa. Nikamwambia hao ndio wenye akili, kwani sisi nyoka hatumuulizi jina. Akaniuliza, na wewe mganga, sheria yako ni ipi?

Kombe, sheria ninayo, aliniachia baba: usimpe mtu dawa usiyoionja. Vidonge nilipewa na Kibwana, dereva wa watalii, akisema Wazungu wakivimeza hucheza kutwa wasichoke. Nikavisaga nikavitia katika unga wangu, ili sifa zizidi. Mapenzi akaja amechoka kufua mashuka ya hoteli. Nikampa. Sikuonja.

Jumamosi nilisimama barazani kwa chifu nikajitaja mimi kwanza, kisha Kibwana. Chifu akasema sheria haina neno. Nikamjibu ya serikali haina, ya baba inalo, na mkoba wangu wa dawa nikauchoma mbele yao. Kibwana ananitisha. Na aje, nyumbani anapajua.

Ijumaa namleta Mapenzi. Ukitaka kunipiga, nipige, ila usinifungie mlango. Msalimie shemeji, na jirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi kaka yako,
Chirau wa Ngala,
aliyekuwa mganga