Kuhusu Hiyo Ndege Yako ya Kujificha

S.L.P. 41,
Tukuyu, Mbeya.
11 Februari 1979.

Mpendwa mdogo wangu Yotamu,

Hujambo huko kambini? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila mimi usingizi siupati. Mvua haijakatika tangu Krismasi, migomba inaanguka yenyewe.

Barua yako tumeisoma mpaka imechakaa. Katika ubishi wenu wa ndege ipi ya kivita ni bora, shemeji yako Anania yuko upande wa mbio. Anasema ndege ya kivita ni ile inayoupita mlio wake, mengine porojo. Nikamwuliza, mbio zikimaliza mafuta itashukia kwenye shamba la nani? Akasema nimwongeze chai. Mimi naitaka ile inayokata kona upesi.

Lakini wewe umechagua kujificha. Eti mnapita chini kabisa, katikati ya milima, rada isiwaone, na redio mmezima. Tena unajisifu kwamba ipo siku itaundwa ndege ambayo rada haitaiona hata ikipita peupe. Hapo ndipo moyo wangu ulipokataa kutulia.

Kujificha usinifundishe. Mila zetu Wanyakyusa unazijua, mke wa mtu haonwi na baba mkwe. Kanisani tunakwenda sote, lakini hapa jambo hilo halijafa. Nikisikia kikohozi cha baba mkwe wangu njiani naingia migombani, na hajawahi kunikuta.

Juzi natoka mtoni, nikamsikia. Nikarukia mtaroni, mguu ukageuka, kifundo kikaalika. Akapita pale juu taratibu, anaimba wimbo wa kanisani. Nikang'ata khanga nisitoe sauti. Msaada ulikuwa karibu yangu, nami nikauacha upite kwa sababu ya aibu. Nikashindwa kunyanyuka, nikanyeshewa mpaka jioni, ndipo wifi yangu Yudith aliponiona. Alikuwa anatafuta mbuzi, hakuwa akinitafuta mimi.

Baba mkwe alipopata habari alisikitika sana. Amenitumia maneno kwa Yudith kwamba ningemwita tu, angekuja amefumba macho.

Basi mimi ubishi wa ndege ipi bora nimeuacha. Jificheni, ndiyo kazi mliyopewa. Lakini ikikuharibikia huko mabondeni, washa redio, uite. Ita hata kama adui anasikia. Naogopa, Yotamu.

Mama anakusalimu sana, na mjomba Jailos pia. Mama hajui kwamba mnazima redio, nami sitamwambia.

Mungu na akuone pale wengine wote wasipokuona.

Dada yako akupendaye,
Tusajigwe