Kifungo Kimoja kwa Kila Baiskeli

Jumatatu, 3 Juni

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza imeanza. Leo baiskeli 254. Karani wa halmashauri anataka wastani wa 300 kwa siku. Zisipofika, mawe ya zege yanayozuia malori yanang'olewa, njia ya baiskeli inakufa, na malori yanarudi kupita hapa mlangoni kwangu. Barua yake imesema hivyo hivyo, na mhuri juu. Wiki tatu za kuhesabu, Jumatatu hadi Ijumaa. Hii ni ya pili.

Na nani ahesabu? Halmashauri haina mtu. Kamati yetu ya Hewa Safi ina wajumbe saba, wanaokuja kikaoni watatu. Mwalimu, mwenyekiti wetu, amestaafu lakini bado anaongea na watu wazima kama darasa la tano. Akanitazama mimi. Cherehani yako si inatazama barabara? Inatazama. Ndiyo kosa langu.

Basi: baiskeli ikipita, kifungo kimoja ndani ya mkebe. Mguu kwenye cherehani, jicho barabarani, mkono kwenye vifungo. Saa kumi na mbili jioni namwaga mezani, nahesabu, naandika kwenye fomu. Mwalimu alitaka kalamu na karatasi. Nikamwambia kalamu itaniharibia mshono. Vifungo mikono yangu inavijua hata nikisinzia, na ninao mfuko mzima, wa miaka thelathini ya kazi.

Jumatano, 5 Juni

248. Yaani zinapungua! Na asubuhi niliapa kwamba leo tunavuka.

Baba Watoto alikuja kula mchana kama kawaida, akakaa kwenye kona ya meza yangu. Gereji yake iko ng'ambo ya barabara. Fundi wa injini za malori, mwaka wa ishirini na sita huu. Tangu malori yaelekezwe barabara ya juu anashinda amekaa kwenye tairi kuukuu, anasoma gazeti la juzi. Nikamuuliza kazi vipi. Akasema baiskeli haina injini. Nikaenda nyuma kuangalia chungu, nikamwacha na Mama, maana mchana Mama mkwe ndiye anayenishikia zamu ya vifungo. Niliporudi alishaondoka. Chakula amekiacha nusu. Zamani alikuwa anaomba nyongeza!

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Naitaka njia hii. Na mume wangu namwonea huruma mpaka naumia. Mambo mawili hayo kila siku nalala nayo, naamka nayo.

Alhamisi, 6 Juni

Kitambaa cheupe kimelala dirishani siku tatu. Nimepitisha kidole — safi! Mwaka jana kitambaa cheupe nilikifunika nailoni na bado jioni nakuta weusi. Mara mbili nimerudia shati la mteja kwa sababu ya moshi. Mwalimu anahubiri hewa ukaa na joto la dunia, anachora na mishale ubaoni. Mimi ushahidi wangu ni kidole hiki. Na kikohozi cha asubuhi kimeniacha, sijui kimehamia kwa nani. Kwa watu wa barabara ya juu, labda. Hilo nalo silipendi, lakini kule barabara ni pana na nyumba ziko mbali.

259.

Jumanne, 11 Juni

Kikao. Tulikuwa wanne, rekodi! Mwalimu amesoma hesabu zangu kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya waliofeli. Wastani 256. Akasema watu wa mtaa huu ni wavivu, wanapenda kubebwa.

Kengele akakataa. Huyu ni muuza mikate. Baiskeli yake haina kengele, kwa hiyo hupiga kelele mwenyewe kwa mdomo, "Kengele! Kengele!", ndipo jina likamganda. Mwaka jana kioo cha lori kilimpiga bega akaanguka na kreti zote, mbele ya duka langu. Mpaka leo anachechemea. Njia ya baiskeli ilianzia pale, kwenye mikate ile barabarani. Leo kasema: "Mwalimu, mimi niko njiani kutwa. Wenzangu nawaona. Tuko wengi kuliko hizo."

Mwalimu akanigeukia. Labda kuna zinazokupita, mama?

Zinazonipita! Nimerudi nimevunjika moyo. Miaka hamsini na nne — pengine macho yameanza. Hata mfuko wa vifungo nauona kama umepungua. Usingizini vidole vinadondosha vifungo.

Leo 262.

Alhamisi, 13 Juni

Nimejipima. Kila kifungo nilichotia mkebeni, nimepiga na mstari wa chaki chini ya meza, nikamwagiza na Mama apige wakati wa zamu yake. Jioni nikamwaga mkebe: 268. Nikapiga magoti, nikahesabu mistari: 314.

Nimerudia mara tatu. Magoti yanawaka.

Mia tatu kumi na nne! Macho yangu mazima! Nilicheka peke yangu pale chini ya meza, halafu kicheko kikakatika. Vifungo arobaini na sita havioti mabawa.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya mwisho ya kuhesabu. Nimemuuliza Mama. Nilitafuta maneno malaini, sikupata, nikauliza tu. Akasema ndiyo, alichukua. Nikashusha pumzi. Vingapi? Vinne, vyeupe, vya gauni lake, Jumatatu ya wiki ile. Vingine? "Mwanangu, mimi nina gauni moja tu lililofunguka. Vifungo arobaini nifungie nini, ukuta?"

Nikamwomba radhi. Akasema yamekwisha, lakini hakunitazama usoni.

Fomu ya mwisho imeshakwenda kwa karani, na hesabu ya mkebe, maana mwizi simjui, na chaki ya siku moja nani ataiamini? Leo 257. Wastani wa wiki tatu nao 257. Tumeshindwa kwa vifungo arobaini na tatu kwa siku.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya kufua. Ovaroli ya Baba Watoto hupekuliwa kwanza, kila mke wa fundi anajua, la sivyo boliti zinatoboa beseni. Mfuko wa kulia: boliti mbili, plagi, kitambaa cha grisi. Mfuko wa kushoto: vifungo.

Thelathini na saba. Nimevihesabu, mkono umezoea. Kuna cha koti la bluu ambacho sina kingine kama hicho, nilikitia mkebeni jana asubuhi alipopita yule mkunga.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali nimeikariri tangu utotoni, leo ndiyo nimeifua.

Sina nguvu ya kulia. Nimeanika nguo.

Jumapili, 16 Juni

Sikupiga kelele. Nimeviweka kwenye kisahani, nikakiweka karibu na kikombe chake cha chai. Akaviona. Akakoroga chai ambayo haikuwa na cha kukorogwa.

Akasema alijua nitaviona, mimi hupekua mifuko. Nikamuuliza kwa nini, basi, hakuvitoa? Akaendelea kukoroga. Labda alichoka kuficha. Au labda alisahau tu — ni mtu wa kusahau. Nikauliza, kila siku? Kila mchana, nikienda jikoni. Kiganja kimoja. Wiki zote tatu.

Nikasema ungeniambia. Hapo ndipo sauti ikampanda: "Nikwambie nini, mama watoto? Ng'oa njia yako ili mimi nipate malori? Ungeing'oa?" Nikatazama vifungo. "Malori yasipopita, mimi fundi wa nini?"

Nikamwambia kuna watu wanaotengeneza baiskeli. Nilikosea kusema vile. Alinitazama kama niliyemtukania baba yake. Nikauliza vifungo vingine viko wapi. Akachukua kofia, akatoka, gereji yenyewe Jumapili imefungwa.

Nina hasira. Nimkasirikie nani zaidi, sijui: yeye aliyeiba, au mimi niliyeona chakula kinabaki siku kumi na tano nikaishia kuandika tu humu.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekwenda kwa Mwalimu. Sikumtaja mtu. Nimesema tu mkebe uliingiliwa, hesabu sizo. Mwalimu aliruka kwenye kiti kama msichana! Akampigia karani simu pale pale.

Jibu la karani: hesabu inaweza kurekebishwa, mkutano wa Jumatano, saa nne asubuhi. Lakini mhesabu asimame mwenyewe mbele ya watu, aseme kosa limetokeaje na ni la nani. Na alete cha kuthibitisha siku zote kumi na tano. Mistari ya chaki ya siku moja haitoshi.

Kwa hiyo nimwanike mume wangu mbele ya mtaa mzima, na bado tuweze kushindwa. Au nikae kimya, malori yarudi, na Kengele arudi kupishana na vioo vyao.

Mwalimu ananiuliza ni nani. Nikamwambia nina kichwa kinauma. Kilikuwa kinauma kweli.

Jumanne, 18 Juni

Mama kaniita chumbani kwake baada ya chakula cha mchana. Alikuwa ameshona vile vifungo vinne kwenye gauni, kwa mkono, mshono mzuri kuliko wangu.

"Kesho sema ni mimi."

Nikamwambia Mama, hapana.

Akasema ana miaka sabini na minane, aibu yake imebaki kidogo, haitamsumbua muda mrefu. Bibi kizee karudisha vifungo mfukoni akidhani vimezagaa, nani atamkasirikia? Watacheka, watamsamehe. Mwanawe hawatamsamehe, huyo bado anaishi na watu.

Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba alimwona. Siku ya pili tu ya kuhesabu. Alijifanya amesinzia. "Ni mwanangu. Nikafumba macho." Na Ijumaa nilipomuuliza akafumba tena.

Utu uzima dawa, wanasema. Leo dawa yenyewe inanishinda kumeza. Maana uongo wake ni mzuri! Unatutosha wote. Nimekaa nao mchana kutwa, nimeharibu mikono miwili ya blauzi, nimeifumua.

Kitandani mimi na Baba Watoto tumelala kama abiria wasiojuana.

Jumatano, 19 Juni

Naandika ukumbini, kwenye magoti. Mwalimu anadhani naandika muhtasari, ananitikisia kichwa kunisifu.

Ukumbi umejaa. Kengele mstari wa mbele, ameegesha baiskeli ndani kabisa, anaogopa itaibiwa. Madereva wawili wa malori wako nyuma. Mama pembeni yangu, gauni limefungwa mpaka shingoni. Mkebe mtupu uko miguuni. Baba Watoto hayupo. Asubuhi aliondoka kabla ya chai, akasema ana kazi gereji. Kazi gani!

Karani amesoma 257. Madereva wamepiga makofi. Amesema mhesabu ana neno.

Nimesimama, nimekaa. Nimeomba dakika moja nitafute karatasi yangu, ndiyo hii naandika, haina chochote ndani.

Mama ananibana mkono. Anasema ukishindwa, nasimama mimi.

Siwezi kusema ni Mama. Nimelijua hilo sasa hivi, kwa huo mkono wake. Na siwezi kusema ni mume wangu. Karani anatazama saa.

Mama ameshika fimbo. Anainuka! Anasema jamani, mimi ni mtu mzima, nina kosa langu dogo —

Mlango.

Ni Baba Watoto. Na ovaroli, ile niliyofua, imeshachafuka kifuani. Amebeba kopo kubwa la grisi, amelikumbatia kwa mikono miwili. Anapita katikati ya viti, watu wanavuta miguu. Kamwambia Mama: "Kaa, mama." Mama amekaa.

Hajanitazama. Amefika kwenye meza ya karani. Karani anauliza wewe ni nani, na hiyo ni nini. Anajibu: fundi wa malori. Basi, hilo tu.

Amelipindua kopo.

Mungu wangu. Vyote! Hakutupa hata kimoja. Vinamiminika juu ya karatasi za karani, vyeusi kwa grisi, vingine vinabingirika sakafuni mpaka kwa Kengele. Karani anaokoa faili zake. Mtu mmoja nyuma amecheka, mwingine amesema mwizi, kwa sauti. Mabega ya mume wangu yameshtuka lakini hakugeuka.

Karani anauliza ni vingapi. Hakuna anayejua. Mwalimu ananiita mimi.

Vidole vimeshaanza kuhesabu hapa kwenye goti. Naacha kalamu, nachukua mkebe